Siku Arobaini za Karani

Nikimwambia mtu wa mikoa ya wafugaji kwamba nimestaafu udaktari wa mifugo Newala, hucheka kwanza. Huuliza ni mifugo gani iliyoko huko. Nami hucheka naye, maana ana haki. Ukitoka Masasi ukapanda kuja juu, unapishana na mikorosho, mihogo na mbaazi, na mbuzi wawili watatu waliofungwa kamba kando ya barabara. Ng'ombe ni wa kuhesabu kwa vidole. Miaka yangu mingi imekwenda kwa kuku wenye kideri, mbwa walioumwa na nyoka, na paka.

Ndiyo, paka. Ninyi vijana mnaoanza kazi mmesoma ng'ombe mpaka mnamjua matumbo yake yote manne, na siwalaumu walimu wenu. Lakini mkipangiwa huku mtakutana na paka kabla hamjafungua mizigo, kwa sababu kila nyumba inaweka mahindi na mbaazi ndani, na kila nyumba yenye mahindi ina panya. Paka huku si pambo. Ana kazi yake kama mtu yeyote wa nyumbani, na akiumwa, nyumba nzima inajua.

Nataka niwaambie habari ya paka mmoja wa Chilangala aliyeitwa Karani. Nimeisimulia mara chache sana, kwa sababu kosa lililomo ni langu mimi. Lakini kabla sijafika kwake, lazima nimtaje Mzee Kalisti.

Mzee Kalisti alikuwa mtu wa Lukuledi, na alikuwa mhudumu tu, si daktari. Nilipoletwa Masasi nikiwa kijana mwenye cheti kipya, yeye ndiye aliyenipokea ofisini, na kwa siri ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na tabia moja iliyonikera. Akimaliza kumweleza mwenye mnyama namna ya kumtunza, hamwachi aondoke. Anakaa kwenye kiti chake cha kamba, anafumba macho, anasema, "Sasa niambie wewe. Kesho asubuhi ukiamka, unafanya nini?" Na mtu mzima, pengine mwalimu mkuu au shehe, anabaki amesimama pale anaeleza moja baada ya jingine kama mtoto anayekariri somo, mpaka Mzee Kalisti afumbue macho.

Niliona ni kuwadhalilisha watu. Siku moja nikamwambia hivyo. Akaniambia, "Daktari, mimi sipimi akili yake. Napima maneno yangu, kama yamefika." Sikukubali. Alipostaafu, nami nikahamishiwa Newala, tabia ile niliiacha hukohuko Masasi pamoja na kiti chake.

Sasa mnisikilize vizuri kuhusu upasuaji. Kisu kinachukua saa moja, pengine pungufu. Baada ya hapo kuna siku kumi, na siku hizo si zako, ni za mwenye paka. Wewe umelala kwako Newala, yeye yuko Chilangala na mnyama mwenye jeraha. Paka anakufia nyumbani, hakufii mezani. Kwa hiyo mwambie mwenyewe, kwa maneno mepesi, paka akizinduka alazwe chini, juu ya gunia kavu au nguo kuukuu, si kitandani, maana miguu bado imelewa na ataanguka. Asipewe chakula mpaka asimame bila kuyumba. Kisha apewe kidogo, ugali laini na dagaa wasio na chumvi. Akae ndani, chumba kisicho na kelele, mbali na mbwa na madume. Mahali pa kujisaidia pawekwe karatasi zilizochanwachanwa, si mchanga wetu huu mwekundu, kwani unaingia kwenye mshono. Na wakati wa kupulizia mikorosho salfa asithubutu kutoka, maana atarudi na vumbi la njano manyoya yote, na paka hujilamba mpaka amalize.

Kujilamba ndiko kunakoua mishono. Mjini kuna vile vikola vya plastiki vya shingoni. Huku hatukuwa navyo, tulikata maboksi. Kuna mwalimu mmoja pale Masasi, mtu wa Bukoba, aliyechoka na boksi kwa sababu paka wake alikuwa anaingia nalo chini ya kabati anakwama. Akachukua sweta kuukuu la shule, akakata mkono mmoja, akatoboa matundu manne ya miguu, akamvalisha. Nilipokwenda kumwona nilikuta paka ametulia barazani na mkono wa sweta la kijani, anasubiri tu kengele ilie aingie kidato cha kwanza. Nilicheka, lakini tangu siku ile nikawa naagiza kila mtu alete mkono wa sweta. Unashika kuliko boksi.

Na nisiulizwe tena habari ya Panadol. Kidonge kile kwa binadamu ni dawa, kwa paka ni sumu. Nimemwona mtumishi mmoja wa serikali, mtu mwema kabisa, aliyemhurumia paka wake baada ya upasuaji akampa nusu kidonge ili maumivu yapungue. Fizi za yule paka zilibadilika rangi zikawa kama udongo, na hatukuweza kumwokoa. Mtumishi yule alilia ofisini kwangu mbele ya watu. Mnaona? Huruma alikuwa nayo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia mapema, na mtu huyo alitakiwa kuwa mimi.

Sasa Karani.

Ilikuwa miaka michache kabla sijastaafu. Asubuhi moja bodaboda ilisimama mbele ya ofisi, akashuka mama mmoja mnene kiasi, amejitanda kanga, amekumbatia tenga lililofunikwa. Alikuwa amenizidi umri, nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mimi Mama Somoe, wa Chilangala. Ntoto wangu huyu anazaa tangu juzi na hazai."

Nilifunua tenga. Paka jike, madoa meusi na meupe, amelegea, ulimi mkavu. Nilipompapasa tumbo nikajua vitoto vimekufa ndani.

"Anaitwa nani?" nikauliza, maana jina hutuliza mikono ya daktari.

"Karani. Somoe ndiye aliyempa. Siku ya kupima korosho alikuwa anapanda juu ya kila gunia, anakaa, anaangalia. Hapiti gunia hajaliona."

Sikuuliza Somoe yuko wapi. Mnikumbushe hilo baadaye.

Nilimpasua pale pale, juu ya meza yangu. Vitoto viwili, vyote vimekufa, na kizazi kimeanza kuoza. Nikakitoa chote. Nilipofunga mshono wa mwisho Karani alikuwa bado anapumua, tena vizuri, na mimi nilijisikia fundi kwelikweli. Nje gari la chanjo ya kuku lilikuwa linanisubiri limeshawashwa. Mama Somoe alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono mapajani. Nikamkabidhi tenga, nikamwambia habari ya mkono wa sweta, akaitikia. Akaniuliza, "Na nyumbani, dakitari, nimtunzeje?"

Nikiwa tayari nimeshika mlango wa gari nikamjibu, "Wewe mtunze kama mzazi, mama. Kama mwanamke aliyetoka kujifungua. Atapona."

Aliniangalia muda. Kisha akasema, "Haya, baba. Hiyo najua." Akafunika tenga lake vizuri, akaondoka.

Nilifurahi. Niliona nimesema kitu kinachoeleweka na kila mtu, bila maneno ya kitabu.

Siku ya tatu nilipigiwa simu. Alikuwa Bi Esha, jirani yake Mama Somoe. Akasema, "Dakitari, njoo. Paka analia, na Mama Somoe haniruhusu nimguse."

Nilifika Chilangala kabla ya adhuhuri. Nyumba ya Mama Somoe ni ya tofali za kuchoma, chumba cha uani kimefungwa mlango na dirisha. Nilipofungua nilipigwa na mvuke usoni. Katikati ya chumba beseni kubwa la maji ya moto, taulo ndani yake, na pembeni bakuli la supu ya kuku na kikombe cha uji ulionukia pilipili manga. Mama Somoe alikuwa amepiga magoti. Karani alikuwa amelazwa juu ya mkeka, amefungwa tumbo kwa kanga, amebanwa imara kabisa, mdomo wazi, anahema. Mkono wa sweta ulikuwa umewekwa kando, umekunjwa vizuri.

Ninyi ambao mama zenu wamewahi kuwapokea dada zenu wazazi mmeshaelewa. Asubuhi na jioni mzazi hukandwa. Taulo linachovywa maji ya moto, linakamuliwa, linakandamizwa tumboni mpaka maji yapoe. Kisha tumbo linafungwa kanga lisilegee, na mtu anapewa uji wa pilipili na supu ya kuku ili damu irudi. Mama Somoe alikuwa amemfanyia Karani yote hayo, siku mbili na nusu, bila kukosa hata mara moja.

Nilifungua ile kanga. Nyuzi za juu zilikuwa zimeachia, ngozi imefunguka upana wa vidole viwili, nyekundu kwa moto, nyeupe pembeni kwa kurowana. Nyama ya chini ilikuwa bado imeshika. Kama angemkanda siku moja zaidi, matumbo yangekuwa nje.

Nikapandwa na hasira. Nawaambia nilivyosema, ingawa naona haya. Nilisema, "Mama, unataka kumuua? Nani amekwambia umchemshe paka?"

Alisema tu, "Wewe."

Nikatoka nje kuchukua mkoba kwenye pikipiki. Bi Esha alikuwa amesimama kwenye tangi la maji ya mvua. Mnajua shida ya maji ya huku juu, hasa miezi ile ya kiangazi. Mtu anaoga kwa kopo. Akaniambia, "Tangi limebaki chini kabisa. Anachemsha ndoo nzima asubuhi, ndoo nzima jioni."

"Kwa nini hukumzuia?"

"Nimzuie vipi?" Bi Esha alishusha sauti. "Somoe alikwenda kujifungua hospitali mwaka juzi, akapasuliwa. Hakurudi. Wala ntoto hakurudi. Hicho chumba mama yake alishakipiga lipu, beseni alishalinunua. Kanga hiyo aliyomfunga paka ilikuwa ya kumfungia Somoe tumbo. Vitu vyote vilikuwa humo, mlango umefungwa, mpaka wewe uliposema."

Vijana wangu, mimi nina watoto wanne. Mara nne mke wangu amekandwa, mara nne mimi nimekaa nje barazani nasikia maji yakimwagika nyuma ya mlango, na sijawahi kuuliza wanafanya nini humo. Nililikopa neno la chumba nisichowahi kuingia, nikalitoa kama dawa. Na nililitoa kwa mwanamke ambaye alikuwa amejiandaa kufanya kazi ile kwa mikono yake, akanyimwa na kifo. Angenisikiaje vinginevyo? Alinitii neno kwa neno. Nilikaa juu ya jiwe la kuanikia mihogo, nikaona aibu ambayo sijapata kuiona tena kazini.

Nilirudi ndani nikapiga magoti upande wa pili wa mkeka.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Kosa ni langu. Nilisema vibaya, na nimekusemesha vibaya."

"Atakufa?"

"Sijui. Nikishona sasa na maji yasimguse tena, anaweza kupona."

"Nimshike wapi?"

Alimshika kichwa. Nilimchoma sindano ya kumlegeza, nikasafisha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nikakata kingo zilizolainika, nikashona upya, karibukaribu, kwa uzi mnene zaidi. Mama Somoe alikuwa anamwambia kitu kwa Kimakonde, polepole, sikioni. Sikukisikia chote na sikukusudia kusikia. Nilipomaliza tulimvalisha mkono wa sweta pamoja.

Halafu nikafanya jambo nililokuwa nimelidharau miaka ishirini. Nilimweleza moja moja. Jeraha likae kavu siku kumi. Kanga isifungwe, apumue. Supu ya kuku ile aendelee nayo, ila bila chumvi na bila pilipili, maana hiyo ilikuwa imempa nguvu kweli na sikutaka aone kila alichofanya kilikuwa kibaya. Alitazame jeraha asubuhi na jioni, saa zilezile alizokuwa akikanda, na akiona usaha, au harufu, au Karani akikataa chakula siku nzima, anipigie, hata kama ni Ijumaa wakati wa sala. Kisha nikakaa sawasawa, nikafumba macho, maana sikuweza kumtazama, nikasema:

"Sasa niambie wewe, mama. Kesho asubuhi ukiamka, unafanya nini?"

Nikasikia anavuta beseni, anamwaga maji nje kwenye mgomba. Akarudi akaketi.

"Kesho asubuhi nikiamka," akasema, "simkandi."

Akaanza kulia. Bi Esha akaingia akamshika mabega. Mimi nilibaki pale pale na mikono yangu yenye dawa, sijui niiweke wapi.

Nilikuwa nakwenda kila siku ya pili kumchoma sindano. Siku ya tano uvimbe ulishuka. Siku ya saba Karani alinikwaruza mkono, na hakuna dalili nzuri kwa paka kuliko hiyo. Siku ya kumi na mbili nikatoa nyuzi. Jeraha lilikuwa limeungana, mstari mwembamba wa waridi, na manyoya yameanza kuota.

"Amepona, mama," nikasema. "Mfungulie, panya wanakusubiri."

Akatikisa kichwa. "Bado."

"Bado nini? Mimi ndiye daktari."

"Wewe umemaliza yako, baba. Mimi yangu ni arobaini."

Kitabuni paka hahitaji siku arobaini. Mnaweza kuniuliza kwa nini sikubishana. Nilijiuliza swali moja tu, kama kukaa ndani kutamdhuru. Nikaona hakutamdhuru, atanenepa tu na panya watapata likizo. Nikafunga mkoba nikasema haya. Na hili nawaomba mlishike pamoja na habari za sweta na Panadol. Panapokuwa na hatari, simama imara, hata mtu alie. Pasipokuwa na hatari, mwachie mwenyewe.

Nilikuwa nimeshasahau tarehe, Bi Esha akapiga tena. "Dakitari, Mama Somoe anasema arobaini imetimia, kesho asubuhi anamtoa mzazi wake nje. Amesema uje."

Nilikwenda. Njiani nilikuwa na wasiwasi wa jambo jingine. Niliogopa watu watamcheka. Nilikuta wanawake watano uani, wamevaa vizuri, mmoja ameleta mihogo, mwingine kuku. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamemzika Somoe.

Mama Somoe alitoka chumbani akiwa amevaa kanga ileile, imefuliwa na kupigwa pasi. Akauacha mlango wazi, akasimama kando. Tulingoja. Karani akatokea kizingitini, mnene, tumbo lina ule mstari wake, akakaa pale anafinya macho kwa jua. Akanusa upepo. Kisha akashuka, akakatiza uani katikati ya miguu yetu bila kumtazama mtu, akaenda kwenye magunia ya mbaazi yaliyokuwa ukutani. Akapanda la kwanza, akakaa, akaangalia. Akaruka la pili.

"Somoe sikumtoa," Mama Somoe akasema. Alikuwa anamtazama paka, hakuwa anamwambia yeyote. "Huyu nimemtoa."

Bi Esha akapiga kigelegele. Karani akashtuka, akaanguka kutoka gunia la tatu, akarudi chumbani mbio mkia juu. Na Mama Somoe akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka mpaka akashika ukuta, na wanawake wale wakamfuata. Mimi nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikanawa uso.